Mgomba Kando ya Kaburi

Kila asubuhi Joanitha alifagia uwanja, akachota maji, akanywa uji, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kumwamkia baba yake. Baba yake, Byabato, alikuwa amezikwa humohumo kibanjani, shamba lililozunguka nyumba, kati ya migomba na mibuni, kama wazee wake wote.

"Shikamoo, Tata," alisema Joanitha, akitumia neno la Kihaya la kumwita baba. Alingoja kidogo kana kwamba ataitikiwa, ndipo akashika njia ya shule.

Hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Hadi mwaka uliopita waliishi Bukoba mjini, katika nyumba iliyojaa kelele za majirani na cherehani ya mama. Baba alipofariki, mama alihamia chumba kimoja akaendelea kushona, na Joanitha akaletwa Ijumbi, wilayani Muleba, kwa Bibi Klaudia, mama mzazi wa baba. Katika shule mpya wenzake walimcheka kwa sababu akisalimiwa Kihaya alijibu Kiswahili. Walimwita "wa mjini." Basi wakati wa mapumziko alijitenga chini ya dirisha la darasa, akijifanya anasoma.

Kando ya kaburi palikuwa na mgomba ambao baba aliupanda kwa mikono yake mwaka aliozaliwa Joanitha. Huo ndio uliokuwa rafiki yake. Jioni aliuegemea, akausimulia habari za siku nzima, na hakuona aibu hata kidogo.

Jumapili moja, baada ya Misa, bwana shamba Rutaihwa alisimama mbele ya waumini. "Ndugu zangu, mnyauko umerudi," alisema. "Ukiona majani ya mgomba yamegeuka manjano na kulegea, au ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, usingoje. Ng'oa shina lote, ulifukie. Na panga lililogusa mgomba mgonjwa lisiguse mwingine kabla ya kupitishwa motoni. Panga moja chafu linaweza kumaliza kibanja kizima!"

Haikupita wiki, Joanitha akaona jani moja la mgomba wa baba limegeuka manjano na kuning'inia. Alijua ni nini, na alijua Bibi akiliona tu, mgomba utang'olewa siku ileile. Alichukua panga la Bibi jikoni, akalikata jani lile, akalifukia mbali, akalirudisha panga mahali pake bila hata kulifuta.

"Ni jani tu limezeeka," alijiambia. Ajabu ya mwanadamu ni kwamba anaweza kujidanganya mwenyewe na bado akajisadiki. Yalipogeuka manjano majani mengine, aliyakata vilevile.

Jumamosi alikuja Mzee Avit, jirani yao na mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo waliyokuwa wakisali pamoja. Kwa kuwa Bibi alikuwa na maumivu ya magoti, yeye ndiye aliyemsaidia kupogoa migomba. Siku hiyo panga lake lilikuwa butu, akaomba la Bibi. Akakata majani makavu mstari mzima hadi jikoni, huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti iliyowatimua kuku. Joanitha alimtazama panga likipita kutoka mgomba hadi mgomba. Alifungua mdomo, kisha akaufunga.

Mwezi uliofuata, migomba ya karibu na jikoni ilinyauka. Bibi alikata mkungu mmoja, akapasua ndizi, akakuta ndani imeoza na kuwa ya kahawia. Akaketi palepale chini.

"Mawe, mama yangu! Sasa tutakula nini?" alilia. Baada ya muda akakunja uso. "Huyu ni Avit. Ametoka kwenye vibanja vya watu na uchafu wao, akaja kunimalizia changu."

Jumamosi Bibi hakwenda kusali na jumuiya. Mzee Avit alipita akabisha hodi. "Mama Klaudia, waitu, mpendwa wetu, mbona hatukukuona?"

"Miguu inauma," alijibu Bibi, akafunga mlango.

Bibi hakurudi tena jumuiyani, na tangu hapo hakuna jirani aliyefika. Hakuna aliyeleta maharage wala kuomba moto. Bibi alikaa mlangoni akitazama njia, na Joanitha akamtambua: hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyokaa chini ya dirisha la darasa. Sasa upweke ulikuwa wa watu wawili, na wa pili aliuleta yeye. Iliuma kuliko kuchekwa.

Jioni waliposali, wakafika mahali pa kumwomba Mungu msamaha, Joanitha aliacha kusali. Bibi aliendelea peke yake, kisha akamgeukia.

"Kuna nini, mwana wange?"

"Bibi, si Mzee Avit. Ni mimi." Akaeleza yote huku akilia: jani la kwanza, panga, na jinsi alivyonyamaza. "Nilijua ni mnyauko. Lakini tumeuacha mji, mama yuko mbali, baba hayupo. Nilitaka kitu kimoja tu kibaki."

Bibi hakumgombeza wala kumbembeleza. Alijifunga kanga. "Inuka. Twende kwa Avit."

Joanitha alipiga magoti mbele ya mzee akasema mwenyewe, neno kwa neno. Alipomaliza, Bibi naye akainamisha kichwa. "Na mimi nilikuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe."

Mzee Avit alishusha pumzi. "Waitu, na mimi nilidhani umechoshwa na nyimbo zangu!" Bibi alicheka bila kutaka. Kisha mzee akamgeukia Joanitha, na safari hii hakuwa na mzaha. "Ungesema siku ile nilipoomba panga, tungepoteza shina moja. Sasa ni mstari mzima. Nimekusamehe, lakini usilisahau hilo. Kesho tutakuja na majembe."

Walikuja kweli, jumuiya nzima. Waling'oa mashina yaliyougua, wakachimba shimo refu. Mgomba wa baba ulibaki wa mwisho.

"Unaweza kuingia ndani," Bibi alimwambia.

"Nitabaki," alijibu Joanitha. Mgomba ulipoanguka alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Bibi aliketi karibu naye kwenye nyasi. "Nilipoolewa hapa nilimtegemea mume wangu, akafa. Nikaitegemea kahawa, ikakauka. Nikamtegemea mwanangu, yaani baba yako. Kila nilichokishikilia kilinitoka mkononi, nami nikamnung'unikia Mungu mpaka nikachoka. Lakini kila nilipoamka, Yeye alikuwapo. Mungu habadiliki, Joanitha. Baba yako hayumo ndani ya mgomba. Yumo mikononi mwa Mungu, na huko mnyauko haufiki. Ulificha ugonjwa kwa sababu ulidhani ukiupoteza mgomba umepoteza vyote. Anayemshika Kristo haogopi kusema kweli, kwa sababu kilicho chake cha kudumu hakiwezi kung'olewa."

Joanitha alitazama udongo mtupu. Walikuwa wamekubaliana kupanda maharage hapo mpaka ardhi itakasike, kisha Mzee Avit atawaletea machipukizi yasiyo na ugonjwa.

"Bibi, na nikihamishwa tena? Niende mahali nisipomjua mtu?"

"Nenda tu," alisema Bibi. "Utamkuta Mungu ameshafika."

Joanitha alijipangusa machozi. Aliinuka, akachukua jembe lililokuwa limelazwa pembeni, akaenda kuwasaidia majirani kufukia shimo.