Usimpe, Tamim

Paka wa soko la Darajani hawana adabu, na aliyekuwa mikononi mwa Yusra aliwazidi wenziwe. Yusra alitaka kitu kidogo tu, kumpitishia kijiti cha pamba kwenye ufizi. Paka akamtia kucha, akachupa juu ya meza ya samaki, na angepotea kabisa kama kijana mmoja mrefu, shati la buluu mikono kaikunja hadi viwikoni, asingemdaka.

"Bibie, huyu kakuibia nini?"

"Hajaiba. Mie ndiye nnayetaka kumwibia mate."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Yusra, abaya yake nyeusi yenye tarizi ya kijani imeshaingia magamba, akaeleza kwamba anatafiti bakteria wa vinywani, wa watu na wa wanyama wanaoishi nao. Kijana akasema yeye ni Tamim, anafuga mbuzi Bububu, na kama ni vinywa anavyo tele, pamoja na chake.

Yusra alikwenda Bububu, na huko ndiko moyo wake ulikozama. Alimkuta Tamim kampakata mwanambuzi aliyefiwa na mama, anatafuna tende na kuitia kinywani mwa kile kiumbe kwa kidole, vile vile alambishwavyo mtoto mchanga.

"Na yeye ana roho," Tamim alisema kwa haya. "Walio dhaifu nawatafunia. Wakikohoa, nawapiga sindano mwenyewe."

Yusra akachukua mate ya mbuzi, kisha ya mwenye mbuzi. Tamim alifunua kinywa, jino moja la nyuma limeoza, macho hayabanduki usoni pa binti wa watu, naye Yusra nusura asahau kuandika jina kwenye kichupa. Mtafiti gani huyo!

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Simu zikaanza.

"Habibti, umekula?"

"Nshakula. Na jino lako?"

"Nikisikia sauti yako haliniumi."

"Muongo weye! Nenda kwa daktari, Tamim."

Hakwenda. Alimeza vidonge vya kuua bakteria alivyojinunulia dukani, leo viwili, kesho kimoja, maumivu yakipoa anaacha.

Majibu ya maabara yalipotoka, Yusra aliyasoma akaingiwa na baridi. Bakteria wa kinywani mwa Tamim na wa mbuzi wake walikuwa na plasmidi moja. Hicho ni kijiduara cha vinasaba ambacho bakteria mmoja hunakili akampa mwenziwe, na mwenziwe akampa wa tatu, bila kujali yupi wa mtu na yupi wa mbuzi. Anayekipata, dawa za kawaida hazimuui tena. Vidonge vya Tamim vilikuwa miongoni mwa dawa hizo.

Akapiga simu. Haikupokewa. Akapiga tena, kisha akakumbuka: dada yake Tamim, Asila, amejifungua, na leo wageni wamealikwa kwa mama yao, Mkunazini. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Tamim ndiye atakayemlambisha mtoto tende. Atamtafunia kwa kinywa hichohicho chenye jino bovu! Yusra akatoka mbio.

Chumba kilijaa moshi wa udi na wanawake waliojipamba. Tamim, kanzu nyeupe imenyooka kwa pasi, alikuwa ameshainama, tende kwenye ncha ya kidole.

"Usimpe, Tamim!"

Watu wote wakamgeukia.

"Usimpe. Jino lako lina ugonjwa. Kinywa chako si salama kwa mtoto."

Bi Hamda, mama yake Tamim, akasimama. "Wewe mtoto wa watu, kinywa cha mwanangu ni najisi? Mbele ya wageni wangu?"

Yusra alimtazama Tamim, akitaraji neno moja tu la kumtetea. Uso wa Tamim ulikuwa umeiva kwa aibu.

"Toka, Yusra," alisema. "Toka nyumbani kwetu."

Akatoka, akalia njia nzima. Mtoto alilambishwa tende na jirani yao, Mzee Matar. Tangu hapo Tamim hakupokea simu, wala Yusra hakumlaumu kwa moyo wote, maana alijua amesema kweli mahali pasipostahili.

Adhuhuri moja Asila akapiga.

"Wifi, Tamim hawezi kumeza hata mate. Shavu na shingo vimevimba, pumzi zinambana. Tupo hospitali, na dawa wanazompa hazimsaidii kitu."

"Nnakuja."

Alimkuta anakoroma kwa kutafuta hewa, macho yamemtoka. Daktari Salhiya hakuficha: kuotesha bakteria wa usaha maabara ili kuijua dawa inayofaa kutachukua siku, na mgonjwa hana siku. Yusra alikuwa na jibu mkobani. Lakini majibu yale yalikuwa siri ya mwenye kinywa, na ameshamwaibisha mara moja. Akainama.

"Tamim, nnazo habari za kinywa chako. Safari ile nilisema bila ya idhini yako. Leo sisemi mpaka unikubalie."

Tamim akafumba macho. Yusra akahisi roho inamtoka yeye.

"Mkubalie, mwanangu!" Bi Hamda alilia. "Mie nshamkubali!"

Tamim akaitikia kwa kichwa. Yusra akasema yote, dawa zipi zimeshindwa na ipi bado ina nguvu. Daktari akabadilisha sindano, na Tamim akapelekwa kupasuliwa jipu na kung'olewa jino. Nje, Bi Hamda alimshika Yusra mkono asiuachie mpaka mlango ulipofunguliwa.

Tamim alipopona alipiga simu mwenyewe.

"Yusra."

"Naam."

"Ijumaa uje kwetu. Mama kawaita wageni walewale."

"Ili nifukuzwe tena?"

"Uje tu, tafadhali."

Alikwenda. Tamim, bandeji ingali shingoni, alisimama katikati ya chumba.

"Nilimfukuza mtu aliyekuja kutulinda. Nilimfukuza mbele yenu, na radhi naiomba mbele yenu. Yusra, nisamehe."

"Nshakusamehe. Na mie niliropoka, unisamehe."

"Basi nina la pili. Mama anataka kuja kwenu kuposa. Nimemzuia. Nimemwambia haendi mpaka wewe mwenyewe uniruhusu."

Yusra akainamisha uso. Machozi yalimjaa, na safari hii hakuyaonea haya.

"Mwambie aje," alisema.

Asila ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.