Pikseli Tatu za Mhuri

Saa 3:10 asubuhi. Chumba cha nyuma, steshenari ya Goodluck, Songea mjini.

Makarius aliupanga mchezo kwa maneno machache. Dereva wake, Jumanne, anaendesha lori la Fuso. Yeye Makarius anaingia ghala la kahawa na hati ya kutolea mzigo, maana karatasi hambebeshi mtu mwingine. Kahawa inapakiwa mchana kweupe, wanatokomea njia ya Tunduru. Kilichobaki ni mhuri tu.

Mhuri halisi ulikuwa kwenye barua ya zamani iliyoskaniwa. Goodluck aliuzungushia vile vidoti vya kuchagulia kitu kwenye kompyuta. Kazi safi ni kuvibana viingie ndani pikseli mbili, yaani vinukta viwili vya picha, rangi ya karatasi ya zamani isifuate. Kwa hilo, mjini hapa hana mpinzani. Leo alivipanua. Pikseli tatu nje. Mhuri ukahamia kwenye hati mpya na ukingo mwembamba wa kijivu, wa kuonwa na mzoefu tu.

Alikuwa amechoka, jamani. Miaka miwili Makarius anamtishia kwa vyeti feki ambavyo Goodluck mwenyewe alimtengenezea. Acha jambazi anaswe ghalani. Akimtaja, na amtaje, heri jela.

Saa 4:05. Wakiwa njiani wote watatu, Makarius alimsimamisha Jumanne nyumbani kwa Goodluck, akampandisha Edna, mke wa Goodluck, mwenye mimba ya miezi saba. Alisema askari wa barabarani hawasumbui gari lenye mjamzito. Goodluck akasogea, mkewe apate nafasi.

Saa 4:35. Fuso liliingia geti, likasimama uwanjani. Makarius hakushuka. Mtunza ghala wa leo alikuwa Kunegunda, anayemjua Makarius: wanasali jumuiya moja, Alhamisi walikaa benchi moja. Akatukana, akamsukumia Goodluck hati.

"Utaingia wewe."

"Bosi, tuache leo. Mhuri haujakaa vizuri."

Makarius akaukodolea macho. "Mbona uko sawa? Nenda. Edna anabaki na mimi."

Saa 4:41. Ofisini ghalani, Goodluck alimwamkia mama Kunegunda shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kunegunda hakusoma hati. Alianza na mhuri. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akavaa tena. Goodluck akamwomba Mungu mama yule asione. Aliomba kwa moyo wote, mwizi mzima.

"Kijana, huu mhuri kaugonga nani?"

Angedanganya, lakini mama alishashika simu.

"Nimeutengeneza mimi, mama. Nifunge, nimekubali. Ila geti lifungwe kwanza. Mke wangu yuko kwenye lile Fuso."

Kunegunda akamwita mlinzi dirishani. Mlinzi akakimbia na mnyororo mkononi. Makarius naye akamwona anavyokimbia. Injini ikanguruma, Fuso likarudi nyuma kwa fujo, likamkosa mlinzi kidogo tu, likatoka geti, likashika lami. Edna alikuwa anagonga kioo kwa viganja vyote viwili.

Mlinzi alifunga geti, uwanja mtupu.

Kunegunda alikuwa anaongea na polisi. Akaziba simu, akauliza mkewe anaitwa nani.

"Edna," Goodluck akasema. "Waambie ana mimba ya miezi saba. Waambie wasipige risasi."