Laini Iliyoachwa Wazi

Kituo cha mabasi cha mpakani kilifurika watu siku hiyo, hata pa kutia mguu hapakuwapo. Msichana mmoja alikuwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, mkononi ameshika ubao mrefu wa kupimia kina cha mto, wenye mistari kama punda milia. Alipogeuka kumpisha mchukuzi, ubao wake uligonga ubao mwingine. Ulifanana na wake mstari kwa mstari, na aliyeushika alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kijani lililopauka mabegani.

"Dada, nimekuibia au umeniibia?" kijana akamuuliza.

Kumbe wote wawili walitoka kwenye mafunzo ya nchi zinazochangia mto, ila walikaa vyumba tofauti. Kijana alipima maji kule juu milimani, ng'ambo ya mpaka. Yeye alifanya kazi chini, jijini, katika chumba kidogo kando ya daraja. Maji yakitaka kuja, alipiga king'ora ili watu wa mabondeni wahame. Basi halijaondoka, kijana alikwisha kumpa jina: wa Chini. Naye, kwa sauti ya kusikika kwa shida, akamwita wa Juu.

Mafunzoni walipewa kanuni moja. Wa juu hupiga simu, wa chini hupokea. Wa chini asipige, kwa sababu mafuriko yakija ni lazima laini iwe wazi. Yeye tangu utotoni alikuwa mwoga wa kuanza maneno, kwa hiyo kanuni ile ilimfaa kama kiatu cha kupimwa.

Kila asubuhi simu ililia. Wa Juu alisoma kina cha maji, kisha akauliza kama amekula, kama amelala vizuri, na leo amevaa nini.

"La bluu."

"Lile la mpakani? Basi leo mto utashuka huko mbio."

Alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba anaonekana. Baadaye wa Juu akaanza kumwita mpenzi. Yeye alijibu "naam" tu, akalitia neno hilo yote aliyokuwa nayo.

Ndipo ukaja mtambo. Ulifungwa kule juu, ukawa unapima maji wenyewe na kutuma namba kwenye skrini za nchi zote. Siku ya kuuzindua, wakubwa wa pande zote mbili walisimama kuizunguka meza ya wa Chini wakipiga makofi. Simu ikalia.

"Mpenzi," wa Juu alianza.

Macho yote yalikuwa kwake. "Namba tumeshazipata, asante," akasema, akakata.

Kesho yake simu haikulia. Wala siku zilizofuata.

Skrini iliandika kina kwa rangi ya kijani, bila salamu. Alikula akiitazama simu. Maji yalipita chini ya dirisha, naye alijua yamepita kwanza miguuni pa wa Juu, ila hayakuwa na la kumwambia. Hakupiga. Je, kama angepiga wakati uleule ambao wa Juu anapiga, akakuta laini ina mtu?

Shangazi yake, aliyeishi naye, alimvumilia hadi akachoka. "Mwanangu, umetulia kama maji ya mtungini. Nani anakukondesha?"

Akamweleza, mpaka habari ya kanuni. Shangazi alicheka hadi machozi.

"Kanuni ya mafuriko umeifanya ya mapenzi? Na kama mwenzio naye anangoja?"

Mchana uliofuata, wa Chini akapiga.

"Kuna nini?" wa Juu aliuliza. "Mtambo umeharibika?"

"Mtambo mzima. Sikuwa nangoja namba."

Akamweleza habari ya wakubwa na habari ya laini. Ukasikika upepo wa kule kwa wa Juu. Kisha akasema kwamba pale hakuna tena cha kupima, wanamhamishia mto mwingine, mbali sana. Gari linakuja kesho, na jioni hii anatakiwa kuwajibu.

"Nilijua hakuna anayenihitaji hapa, wa Chini."

"Usiende."

"Sijasikia."

"Umesikia."

Wa Juu akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Nikikataa sina kazi."

Wa Chini alitazama dirishani. "Mto unashuka huku kila siku, hakuna anayeuuliza kazi. Nawe shuka."

Wa Juu hakusema ndiyo. Wa Chini akahisi chumba kikimzidi ukubwa. Kisha wa Juu akauliza, polepole, "Umevaa nini?"

"La bluu."

"Basi kata, niwapigie wakubwa."

"Kata wewe."

Hakukata hata mmoja. Nje jua lilikuwa kali, mto uko chini, hapakuwa na hatari kwa mtu yeyote. Mchana kutwa, aliyepiga kituo cha chini aliikuta laini ina watu.