Kibati Namba 217

Haya yalimpata Gunnvor, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa ya kuyasema. Sitatia chumvi. Na pale nitakapofika kwenye doa langu nitalitaja, maana nikilificha hapa nitaulizwa kwingine.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mchana, mvua imekatika. Gunnvor alijaza kahawa kwenye chupa, akafunga mkate wake na jibini la kahawia, akampigia honi Torgeir. Hawa wawili wamestaafu, wanasali nyumba moja ya sala, na mchezo wao ni mmoja: kusaka vikopo. Mtu huficha kikopo chini ya benchi au kwenye ufa wa ukuta, akatangaza kwa simu mahali kilipo. Wenzake hukitafuta, hutia saini kwenye kijidaftari kilichomo, hukirudisha kimyakimya wapita njia wasishtuke. Zawadi hakuna. Kuna jina lako tu, kwamba ulifika. Na sheria kubwa ni hiyohiyo: aliyefika ndiye anayesaini.

Sheria hiyo wao waliivunja kila wiki. Magoti ya Torgeir ni mabovu, kwa hiyo hubaki garini, na Gunnvor huenda kuchutama na kuwaandika wote wawili.

"Leo uniandike vizuri," Torgeir alisema huku akijifunga mkanda. "Juzi umeniandika kama kuku kaparura."

"Shuka ujiandike mwenyewe, mvivu wee."

Simu ilionyesha kikopo kipya ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia. Kwa watu wa mchezo huu, kuwa wa kwanza ni utukufu. Mtu mzima huacha chakula kinapoa. Lakini Gunnvor alipoona kilipo, aliiweka simu mapajani. Kilikuwa kwenye Pumzi.

Pumzi ni sanamu. Iko gatini, pale palipokuwa kiwanda cha meli kabla hakijavunjwa na kujengwa maghorofa ya vioo, mgahawa wa keki bapa za kuokwa kati ya vyuma viwili na chumba cha mvuke kwa wanaopenda kuoga bahari ya baridi. Ni dude la chuma lenye umbo la tumbo la meli, tupu ndani, refu kama nyumba ya ghorofa mbili, limechomelewa pande zote. Ubavuni pamechongwa majina kumi na manne ya waliofia kiwandani. La kumi na tano halipo. Ni la Arnstein, kaka yake Gunnvor.

Arnstein alikuwa mpaka rangi. Miaka thelathini na sita iliyopita alifia ndani ya tangi la meli, mfuniko umefungwa juu yake, kwa mvuke wa rangi. Siku zile kila aliyeingia tangini alitundika kibati chake chenye namba kwenye ubao wa mlangoni, na akitoka alikitoa. Ubao ukiwa mtupu, mlinzi wa tangi hufunga. Siku ile ubao ulikuwa mtupu. Ripoti ikasema Arnstein aliingia bila kutundika, kwa hiyo alijiponza mwenyewe. Na kamati ya sanamu ikaamua kwamba aliyejiponza hawekwi na mashujaa. Mama yao alikufa na aibu hiyo. Nami nakiri: nilikuwa miongoni mwa tuliomwambia mama yule, kwa sauti ya upole na sahani ya keki mkononi, kwamba kijana wake angefuata taratibu angekuwa hai.

"Mtu anakufa kwa kukosa hewa, wao wanaliita dude lao Pumzi," Gunnvor hupenda kusema. Hasira yake haijawahi kuzeeka.

"Tukiache hicho," Torgeir alisema. "Pana watu wengi."

"Nimechoka kulikwepa. Leo naenda."

Aliegesha gari, akamwacha mzee wa watu na kahawa, akavuka uwanja kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana. Watoto walikuwa wanakula keki. Wanawake wawili wenye taulo walikuwa wanatetemeka na kucheka kwenye ngazi za bahari. Gunnvor aliinama chini ya sanamu, akapapasa penye ufa kati ya chuma na msingi wake, akakitoa kikopo. Kilikuwa cha moto, kama kimetoka mfukoni mwa mtu.

Kijidaftari kilipaswa kuwa kitupu, lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wa herufi nene:

*217. Kuingia, saa saba na robo. Kutoka,*

Baada ya hapo, hakuna kitu. Karatasi ilinuka rangi mbichi. 217 ilikuwa namba ya Arnstein.

Gunnvor alitazama kila upande kumtafuta mpuuzi aliyefanya mzaha ule, ili amtwange. Hakumwona. Akatoa kalamu, mkono ukafanya ulichozoea: akaandika jina lake, kisha la Torgeir.

Lake lilikaa. La Torgeir halikukaa. Wino ulijikusanya kama maji juu ya mafuta, ukateleza, ukadondoka kwenye kiatu chake. Akaandika tena. Ukadondoka. Mara ya tatu, vilevile.

Kisha ikasikika ngo.

Alinyanyua kichwa. Ngo. Ngo. Kutoka ndani. Akaweka sikio kwenye chuma. Kilikuwa na joto. Ndani palikuwa na mtu. Alikuwa anavuta hewa. Haiingii. Anavuta tena.

Gunnvor alirudi garini mbio, kikopo na kijidaftari mkononi, akafungua mlango wa Torgeir kwa nguvu.

"Nani kafanya hivi? We unawajua wote wa mchezo huu, niambie ni nani!"

Torgeir alisoma mstari ule. Kahawa ilimmwagikia mapajani, hata hakujifuta.

"Saa saba na robo," alinong'ona. "Ni kweli. Nilikuwa nimesimama pale."

"Pale wapi?"

"Mlangoni pa tangi. Unajua mlinzi siku ile nilikuwa mimi. Alikitundika, Gunnvor. Alikitundika mbele yangu."

Torgeir akaendelea, macho kwenye kiatu chake.

"Ilikuwa Ijumaa, kila mtu anawahi kivuko. Tulikuwa na tabia ya kutoleana vibati. Mwenzako amekawia kunawa, unamtolea wewe, ubao unakuwa mtupu, mnaondoka. Niliona koti lake halipo. Nikadhani keshatoka. Nikakitoa. Nikafunga."

"Halafu?"

"Jumatatu nilikitupa baharini. Nikasema hakutundika."

"Miaka thelathini na sita," Gunnvor alisema. "Unakula mezani kwangu. Unanisifia supu. Jeneza la mama yangu umelibeba wewe, bega la mbele!"

"Nilitubu. Nilitubu kwa machozi mbele za Mungu."

"Siye Mungu uliyemfungia!"

Torgeir alilia. Akamshika mkono. "Basi nenda wewe, dada yangu. Mwandikie. Andika samahani, weka jina langu. Magoti haya…"

Gunnvor ameniambia kwamba kwa dakika moja huruma ilimwingia, akanyoosha mkono kupokea kijidaftari. Amezoea kumwandikia. Kisha akaitazama kalamu aliyoishika, akaelewa alichokuwa anaombwa. Akamtupia mapajani.

"Jisainie mwenyewe."

Torgeir alitembea. Aliburuta miguu uwanja mzima, Gunnvor nyuma yake kama askari. Alipiga magoti mabovu mbele ya chuma. Aliandika jina lake. Wino ulikaa. Akaingiza mkono ufani kurudisha kikopo.

Mkono haukutoka.

"Kuna kitu kimenishika," alisema polepole.

Ngo. Ngo. Ngo ngo ngo.

"Sema," Gunnvor alisema.

"Nilimfungia," alinong'ona Torgeir.

"Mimi nimesikia. Wao hawajasikia. Sauti!"

"Nilimfungia!" Watoto waliacha kula. "Arnstein alitundika! Kibati nilikitoa mimi! Hakukosea kitu, muongo ni mimi!"

Kugonga kulikoma. Mkono ukatoka, mzima, lakini umepauka mpaka kwenye kiwiko kama mkono wa aliyekaa majini siku nyingi. Mwanamke mmoja mwenye taulo alikuja mbio.

"Mzee anaumwa?"

"Haumwi," alisema Gunnvor. "Anasema kweli."

Torgeir aliandika barua kwa kamati, na kwa polisi pia, kwa mkono wake. Kamati ikakubali. Mwezi wa Aprili fundi alikuja kukata mlango mdogo ubavuni, ili akaze bamba la jina kutoka ndani. Nilikwenda na Gunnvor. Torgeir alisimama kando peke yake. Gunnvor hajamsamehe, nami simlaumu, ijapokuwa naomba kila siku aweze.

Fundi aliingiza kichwa na taa. Akakitoa upesi.

"Nani alikuwa humu?"

Tulichungulia. Chuma kile hakijawahi kufunguliwa tangu kilipochomelewa. Ndani, kuanzia chini mpaka juu, palikuwa na alama za viganja, za rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Rangi ilikuwa mbichi. Ilikuwa inachuruzika.

Gunnvor aliingia. Aliweka kiganja chake karibu na alama moja pana, akalia kidogo. Kisha akatulia. Akachutama. Tulimsikia anahesabu kwa sauti ndogo.

Alipotoka uso wake ulikuwa umekuwa jiwe. Alikwenda moja kwa moja kwa Torgeir.

"Mle mna mikono ya watu wawili," alisema. "Mikubwa ya kaka yangu. Na mingine, midogo, chini yake. Ulifunga wangapi?"

Torgeir aliapa kwa Biblia aliyokuwa nayo mfukoni. Kibati kilikuwa kimoja. Ubaoni hapakuwa na kingine. Mimi niliyaona macho yake siku ile, na naamini hakuwa anadanganya tena.

Jina la Arnstein sasa lipo, la kumi na tano. Fundi alitaka kulikaza chini kabisa, lakini Gunnvor alimkataza. Alimwamuru alipandishe juu kidogo, abakize chini yake nafasi ya mstari mmoja.