Ile ya Nne

Kazini walimwita Makasi, na jina hilo alilipenda. Alikuwa mtunza kanda katika maktaba ya muziki, chumba kirefu chenye rafu za chuma na mashine iliyonguruma siku nzima. Kazi yake ilikuwa kuhamisha nyimbo za zamani kutoka kwenye kanda kuziingiza kwenye kompyuta. Bosi alikuwa na agizo moja: wimbo uanze na wimbo. Kikohozi, kiti kinacholia, mtu anayehesabu... kata. Na Makasi alikata, jamani, hata kiungo huoni. Kanda zenyewe, kwa kuwa zilikuwa zimeota ukungu, zikachomwa nyuma ya jengo.

Jioni moja alikuwa anafunga madirisha ili awahi mkate dukani, mlango ukagongwa. Akaingia mama mtu mzima, kajitanda mtandio, viatu kavishika mkononi asije akachafua sakafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa mnatunza nyimbo. Namtafuta mume wangu."

Marehemu mumewe alikuwa mpiga dramu wa kukodiwa. Waimbaji walimwita studio asubuhi, akawapigia, jioni akarudi nyumbani. Hakuna jalada la santuri lililomtaja. Walioimba wakawa watu wakubwa mjini. Yeye akafa na vijiti vyake chini ya mto.

"Nyimbo sizitaki," mama akasema. "Nyimbo zina wenyewe. Ila kabla hawajaanza, yeye ndiye aliyekuwa akiwahesabia. Moja, mbili, tatu, nne. Hapo tu ndipo alipotoa sauti. Na sasa sauti yake imeanza kunitoka, mwanangu. Nikifumba macho naona midomo tu."

Makasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Sauti hiyo alikuwa ameisikia. Aliisikia mara nyingi, nzito, yenye mkwaruzo kidogo, na kila mara aliikata huku anakunywa chai.

Uso umeumbwa na haya, lakini mdomo una ujanja wake.

"Nitakutafutia, mama. Njoo kesho."

Mama akamshika mikono yote miwili, akamwombea dua. Ile dua ilimchoma kuliko tusi.

Alipobaki peke yake, Makasi aliketi mbele ya kompyuta, akavaa hedifoni. Huenda kuna wimbo mmoja ulionusurika. Akafungua wimbo wa kwanza. Ukaanza na wimbo. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu... safi kabisa. Kwa mara ya kwanza usafi wa kazi yake ulimtia aibu. Nje giza lilikuwa limeanza kuingia. Akazima kila kitu, akavua hedifoni.

Tk.

Akageuka. Rafu tu.

Tk... tk.

Vijiti. Vijiti viwili vikigonganishwa, taratibu. Kukaja harufu ya jasho na ya ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Mashine ilikuwa imezimwa.

"Moja..."

Nyuma ya kiti chake.

"Mbili..."

Nywele zilimsimama. Akashika meza kwa mikono yote miwili.

"Tatu..."

Akasubiri ile ya nne. Haikuja. Badala yake, pumzi ya joto sikioni mwake, na mnong'ono.

"Mwambie mke wangu."

Hapo angeweza kukiri. Hapo hapo, angejiahidi kwamba kesho atasema kweli, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Makasi ni Makasi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mashine, ukaiwasha, ukabonyeza kitufe cha kurekodi. Alishawaza kwamba amepata cha kumpa mama, na hakuna atakayejua.

"Rudia," akanong'ona. "Tafadhali, rudia."

Sauti ikarudia. Moja. Mbili. Tatu. Halafu ikacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, na harufu ikatoweka.

Kesho yake mama alifika akiwa amevaa nguo yake nzuri. Makasi akamsalimia. Mama akamtazama kwa mshangao.

"Leo hata shikamoo hakuna, mwanangu? Unaniita 'mama' tu?"

Lakini shikamoo alikuwa ameitamka. Alihisi ulimi ukiitamka. Akaona uso unamwaka, akamvisha mama hedifoni upesi, akabonyeza.

Mama akafumba macho. Machozi yakamtiririka hadi kidevuni.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu, wallahi." Kisha kipaji cha uso kikakunjamana. "Mbona hafiki nne? Mume wangu hakuwahi kuishia njiani."

"Kanda ilikuwa mbovu." Ndivyo Makasi alivyosema. Kilichosikika chumbani ni "mbovu" peke yake.

Mama akainua kidole, anyamaze. Alikuwa anasikiliza bado. Kwenye kioo cha kompyuta sauti ilikuwa imekwisha. Mstari wa sauti ulikuwa umelala.

"Anazungumza," mama akanong'ona. "Anasema nikuulize wewe."

Makasi akarudi nyuma hatua moja.

"Anasema, ile ya nne umeiweka wapi?"

Makasi akapiga magoti kwenye sakafu ile ile ambayo mama hakutaka kuichafua, na safari hii alidhamiria kweli, kwa moyo wake wote. Akasema yote: kwamba ni yeye, kwamba alimkata mumewe kwenye kila wimbo, kwamba kanda zimechomwa na hakuna tena. Alisema mpaka pumzi ikamwishia.

Mama akavua hedifoni, akainama, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nimesikia 'nisamehe'," akasema kwa upole. "Nikusamehe nini, mwanangu? Mwanzo sikuusikia. Hebu anza tena."

Makasi akafungua kinywa.

Nyuma yake, kati ya rafu... tk. Tk. Tk.