Kibanda cha Odeta Hakifungwi

Soko la Mlango Mmoja lilifurika watu siku Mayala na Odeta waliposhika tuita zilezile, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, mmoja huku, mwingine kule. Zilikuwa mbili tu, juu ya rundo la redio mbovu.

"Samahani dada, mimi nimeziona kwanza," alisema Mayala, mwalimu wa hesabu kutoka Butimba, shati limenyooshwa pasi hadi kola.

"Umeziona. Mimi nimezishika." Odeta alivaa ovaroli ya bluu na kilemba cha kitenge cha njano. "Unazitakia nini?"

"Spika zangu za zamani, za mbao. Sauti nyembamba imekufa, imebaki besi tu."

"Zilete kibandani kwangu Mkolani. Fundi ni mimi."

Mayala akacheka. Kisha akaona makovu ya moto vidoleni mwa Odeta, akaziachia tuita.

Kesho yake akazipeleka spika Mkolani. Odeta akafunga tuita, akawasha muziki, akakunja uso. Zilikuwa na nguvu kuliko zile za awali. Sauti ilichoma masikio. Akafungua krosova, kile kibao kinachogawa sauti nzito kwenye besi na nyembamba kwenye tuita, akabadilisha kapasita zilizochoka, akaongeza rizista ya kupunguza makali. Spika zikapona. Mayala akaendelea kuja kila jioni.

"Mwalimu, spika ziko kwako. Hapa unasikiliza nini?"

"Fundi."

Mwaka ukapita wakipendana, wakapanga ndoa. Ndipo Justa, dada yake Mayala, akampigia Odeta simu.

"Wifi, hongera. Baba mdogo amefurahi kwamba utafunga kibanda mkioana."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe, kwenye kikao cha Jumapili huku Misungwi. Mayala alikuwepo, hakupinga."

Odeta akakata simu. Siku nne Mayala alipiga bila kupokelewa. Ya tano akatokea kibandani saa sita mchana, jasho likimtiririka.

"Mpenzi, sikusema ufunge."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Baba mdogo ndiye aliyenilea. Niliogopa."

"Basi kimya chako ndicho kilichonifungia. Kazi hii nimeipigania tangu watu wakiniletea redio na kuniuliza fundi yuko wapi. Nenda kaoe anayetaka kukaa nyumbani."

Mayala hakuondoka. Alitoa simu, akampigia baba mdogo, akaweka sauti ya juu ili Odeta asikie.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Odeta hafungi kibanda. Nilipaswa kusema Jumapili. Nasema leo."

"Mke wa mwalimu ashinde na waya na moto? Harusi hiyo siji."

"Kiti chako tutakiweka, baba. Usipokuja, kitabaki wazi."

Simu ilikuwa bado hewani. Akamgeukia Odeta.

"Utanikubali? Ukiwa fundi hivyohivyo?"

"Nakubali," alisema Odeta, akaichukua simu.

"Shikamoo baba. Mimi ni Odeta. Kazi siachi, na siku ya harusi nitakusubiri mlangoni mwenyewe."

Ng'ombe wa mzee walisikika wakilia huko Misungwi.

"Marahaba," alijibu hatimaye.

Hakusema atakuja. Lakini simu hakuikata.