Ngo, Ngo, Ngo Chini ya Pikapu

Kama unasubiri usiku wa manane na bundi juu ya paa, utasubiri sana. Haya yalimpata kaka yangu saa tano asubuhi, jua linawaka, redio ya jirani inapiga kelele na chai yake bado ya moto kikombeni.

Kaka kazi yake ni kuosha magari kwa chini. Si kule juu kwenye rangi. Kule kila mtu anaweza, hata wewe. Yeye hulala chali chini ya gari kuukuu, akabandua grisi iliyogandamana na tope la miaka, kwa kikwangulio, brashi na kopo la dizeli. Wenzake humwita Chuma Tupu, jina alilojipa mwenyewe halafu akajifanya amepewa.

Msaidizi wake ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu wa maneno ya kuhesabu. Shemeji hukaa upande wa pili wa gari, kwenye jeki, na pale mashine ya kuchemsha maji inanguruma hadi husikii hata ukiitwa kwa jina la ukoo. Ndiyo maana Chuma Tupu akabuni lugha yake ya kugonga chasi kwa kikwangulio, mtikisiko ufike kwenye mpini wa jeki. Mara moja: nisogezee ndoo. Mbili: nisogezee taa. Tatu: nimetoka, shusha. Stendi za chuma za kuegemeza gari zilikuwepo, zinaota kutu ukutani. Alisema ni za waoga.

Juzi yake mama mmoja mjane alikuwa ameleta pikapu ya marehemu mumewe, imevutwa kwa kamba. Alipata mnunuzi, na mnunuzi alitaka kuona chuma kabla ya kutoa neno. Mama alizungumza chini chini, kana kwamba gari linasikiliza. Waoshe kote, akasema, ila lile bonge la grisi juu ya difu, kile kitumbo cha gia katikati ya ekseli ya nyuma, waliache. Kaka akauliza sababu. Mama akatazama pembeni.

"Mume wangu alikuwa anaongeza grisi pale kila mwezi," alisema. "Wengine walidhani anapaka. Alikuwa anaziba."

Sasa mwambie Chuma Tupu asiguse kitu, uone.

Walifungua matairi ya nyuma. Gari likishuka litakalia vigogo vifupi vya mbao walivyopanga chini, na chini ya difu itabaki nafasi ya panya. Kaka akajitosa huku akimtania shemeji yake kwamba leo atamwonyesha kazi ya wanaume.

Tabaka la kwanza lilikuwa tope jekundu. La pili, grisi laini nyeusi. La tatu lilikuwa gumu kama sabuni ya kipande.

Lilikuwa na joto. Gari halijawashwa tangu livutwe hapa, siku mbili.

Akalibandua hivyo hivyo. Ndani hamkuwa na kitu. Shimo tu, ukubwa wa kichwa cha mtu, laini, kama mto uliolaliwa usiku kucha. Pakatoka harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi.

Kaka akacheka peke yake. Akaweka kikwangulio kifuani, akashika brashi kwa mkono huu na kopo kwa mkono huu.

Ngo.

Ndoo ikasukumwa taratibu hadi karibu na sikio lake. Hakuwa ameiomba.

Ngo, ngo.

Taa ikaja. Mwanga ukaingia ndani ya shimo, na shimo halikuonyesha mwisho.

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Lugha ile waliijua watu wawili tu duniani. Mmoja alikuwa kwenye jeki. Mwingine alikuwa yeye.

Akafungua mdomo kuita. Mashine ikameza sauti. Akajaribu kujiburuta. Mgongo ukateleza kwenye dizeli.

Ngo.

Akapapasa kikwangulio. Kikamponyoka.

Ngo.

"Shem, bado," alinong'ona. Sauti kubwa haikuwepo tena.

Ngo.

Jeki ikapumua. Chuma kikaanza kushuka. Difu likagusa kifungo cha ovaroli, likakibonyeza kifuani, pumzi ikakata.

Mkono ukamshika kifundo cha mguu. Ukamvuta mara moja, kwa nguvu, hadi nje juani.

Pikapu ikatua. Kaka akabaki chali, akihema, machozi yakitiririka bila aibu. "Asante, shem," alisema. "Umeniwahi."

Jibu lilitoka mbali, upande wa pili wa gari. Shemeji alikuwa bado ameshika mpini wa jeki.

"Nimekuwahi wapi? Si umegonga kwamba umetoka?"

Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na vidole vitano vya grisi. Wakasugua kwa dizeli, petroli, sabuni ya unga. Kaka akakwangua mpaka damu. Ngozi ilitoka, vidole vilibaki.

Mama alipofuata gari lake hakuinama kuangalia chini. Aliutazama mguu wa kaka kwa muda mrefu.

"Mume wangu naye alianzia hapo hapo," alisema taratibu, akachukua ufunguo.

Wiki ya pili vidole vilikuwa kwenye muundi. Wifi yangu, ambaye haamini upuuzi, alichukua kalamu jana jioni akachora mstari chini ya goti la mumewe, sentimita moja juu ya alama, ili amwonyeshe kwamba anajitisha bure.

Asubuhi hii mstari upo pale pale. Kidole gumba kimeukalia.